Sentimita Arobaini na Tatu

Kosa langu la kwanza katika timu lilikuwa la sentimita arobaini na tatu. Nilikiweka kibao cha mrushaji mbali kuliko inavyotakiwa, na kwa sehemu kubwa ya msimu hakuna aliyejua, mimi mwenyewe nikiwemo. Msimu ule tulifungwa karibu kila Jumapili. Hilo ningelivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni jinsi kosa langu lilivyomwangukia mtu mmoja.

Timu yetu ya besiboli ni ya watu wa kazi wa mtaa wa Anderlecht, huku ughaibuni: wasafishaji, madereva, watu wa maghala. Kocha ni mpaka rangi kutoka Jamhuri ya Dominika. Nilikwenda kwake nikitaka kucheza. Baada ya mazoezi matatu, alipoona ninavyofumba macho kila mpira unaponijia, aliniuliza kwa upole kama napenda kuchora mistari. Napenda sana. Mimi ni mtu wa kurudi ghorofani mara mbili kuhakikisha mlango umefungwa. Nikiandika ujumbe wa maneno matano, nitaufuta mara nne. Basi nikapewa chokaa, koleo na utepe wa kupimia, na kazi ya kutunza uwanja nikajifundisha kwa video za simuni, ndani ya metro, treni ya chini ya ardhi, asubuhi nikienda kazini.

Mpigaji husimama kando ya bamba jeupe lililolazwa chini, lenye umbo la nyumba iliyochorwa na mtoto: kuta mbili na paa lenye ncha. Mrushaji humtazama kutoka mbali, mguu mmoja ukiwa juu ya kibao cheupe kilichofungwa kwenye kichuguu cha udongo. Umbali kati ya viwili hivyo hupimwa kuanzia ncha ya paa. Mimi nilianzia kwenye sakafu ya nyumba, upande unaomtazama mrushaji, sentimita arobaini na tatu mbele ya ncha. Nilipima mara tatu, na mara tatu zote nikapata jibu lilelile. Nilijisikia fundi.

Mrushaji wetu alikuwa mtu wa Bukavu aliyevuka arobaini, mlezi katika nyumba ya wazee. Sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Kocha alimgundua siku lifti ya jengo lao ilipoharibika, akamkuta amesimama barabarani na mfuko wa machungwa, anamrushia binti yake kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, moja moja. Hakuna chungwa lililoanguka. Kwangu hiyo bado ndiyo hadithi nzuri kuliko zote za timu yetu.

Nyumbani alirusha vizuri. Mechi yetu pekee ya ushindi aliibeba yeye. Lakini ugenini mipira yake ilipita juu, na mipira minne ikipotea, mpigaji huenda kituo cha kwanza bure, kwa miguu, bila jasho. Kuna Jumapili walitembea hivyo mmoja baada ya mwingine, kama watu waliopanga foleni ya mkate.

"Mutoto, balle inapanda," aliniambia kwenye gari tukirudi. "Kila mara inapanda. Bon, labda ni uzee."

"Si uzee, tonton. Ni uchovu."

"Alors tutafanya mazoezi."

Akawa anakuja uwanjani kila jioni akitoka kazini, anarusha mipira hamsini, mimi namwokotea. Nilijivunia kuwa msaidizi wake. Sikujua kwamba kadiri anavyojitahidi, ndivyo mkono wake unavyozidi kuzoea umbali usio wa kweli.

Mwezi wa saba, ndani ya metro, niliona video ya mzee mmoja akitengeneza uwanja. Alishika mwanzo wa utepe kwenye ncha ya paa. Niliirudia sehemu hiyo mpaka nikapitiliza kituo changu. Kazini niliosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mtu mwenye akili angempigia kocha simu. Mimi niliamka mapema Ijumaa, nikabeba koleo, nikakisogeza kichuguu chote na kibao chake mahali panapostahili, nikafagia, nikamwagia maji udongo usionyeshe kitu. Nilijiambia namrekebishia tonton mambo kimyakimya. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mtu wa kukosea.

Jumapili hiyo tulicheza nyumbani. Mpira wake wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha mpigaji. Wa pili pia. Kufikia katikati ya mechi alijiondoa mwenyewe, akaketi kwenye benchi kando yangu, akavua glavu.

"Ulisema kule ugenini kwa batu ni uchovu. Sasa hata kwetu mukono inanikataa," alisema. "Miye naacha. Samedi nitarudisha gant kwa kocha."

Sikusema neno. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisimulia kuliko lile la kupima.

Siku nne sikula vizuri. Alhamisi nilimfuata Galerie d'Ixelles, jengo la maduka na saluni, kwenye mkahawa anaokaa akimsubiri mkewe asukwe nywele. Alikuwa amevaa miwani ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Tonton, naomba unisikilize mpaka mwisho."

Nikamweleza yote: ncha ya paa, mazoezi ya jioni, koleo la Ijumaa. Nikafungua utepe mezani, kutoka kikombe chake hadi bakuli la sukari, aone. Aliutazama muda mrefu.

"Kumbe ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Nilienda kwa docteur ya macho, mutoto. Akanipa lunettes." Akaivua. "Miezi mine najiambia nimezeeka. Na weye uliokota balle zangu."

"Kabla ya mwezi wa saba sikujua."

"Na Dimanche?"

"Jumapili nilijua."

Mkewe alitoka saluni nusu kichwa kikiwa bado hakijasukwa, akauliza kwa nini tumenuna kama watu wa msiba. Tonton alimwonyesha utepe, akamsimulia kwa Kiswahili na Kifaransa. Mama yule alicheka hadi akashika mlango.

"Donc si uzee!" alimwambia. "Na nilianza kukupikia bouillie, uji ya bazee!"

Hapo tonton naye akacheka. Kisha akanigeukia bila kicheko. "Samedi utabaambia bote. Miye nitasimama pembeni yako, lakini sitasema kitu."

Jumamosi, mazoezini, niliwaambia. Mdakaji wetu, anayepokea mipira ya tonton, akapiga kelele, "Eh, fundi! Kumbe ni wewe uliyetufungisha mechi zote?" Kocha akamjibu kwamba hapana, nyingi tulifungwa wenyewe, bila msaada. Aliwaandikia wasimamizi wa ligi. Wakasema matokeo yabaki, uwanja upimwe upya. Tonton hakurudisha glavu. Alisimama kwenye kichuguu, akarusha mipira ishirini iliyopita juu, kisha mmoja ukaingia katikati kabisa ya glavu ya mdakaji.

Tulimaliza msimu tukiwa wa mwisho kabisa. Tonton bado anarusha, ugenini na nyumbani. Mimi bado ninakosea, lakini sasa nasema siku hiyohiyo.