Bomba Ndani ya Buti

Spès alikuwa na mkono. Watu wa mtaa wetu wa Kabeza walisema hivyo, na si kwa kumpendelea. Ukimletea tairi alilibonyeza kwa kiganja, akaligonga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, kisha akakwambia upepo unatokea wapi. Kazi aliianza Bujumbura, kabla ya kuhamia huku, mumewe alipokufa akamwachia jaki na pampu ya mguu. Miaka thelathini, na hakuna mwanamume aliyewahi kumrudishia kazi kwamba ni mbovu.

Balaa lililetwa na magari ya taa. Kila tairi lina kidude ndani kinachopima upepo. Ukipungua, taa ya manjano inawaka mbele ya dereva. Vizuri. Lakini magari hayo yanatufikia yamezeeka na vidude vimechoka. Asubuhi ya baridi taa inawaka tairi likiwa zima. Siku nyingine tairi limelala, taa imenyamaza.

Dereva mmoja, Silvère, akaja analalamika.

"Mama Spès, kesho gari inaenda ukaguzi. Taa hii itaniangusha."

Spès akavitoa vidude vyote vinne, akavitia ndani ya bomba la plastiki, akaliziba huku na huku, akalitia valvu, akalijaza upepo, akalilaza kwenye buti chini ya zulia. Taa ikazimika. Vidude vilikuwa vinapima bomba! Silvère alicheka mpaka akakaa chini. Spès naye alicheka.

Mwaka ukapita. Siku moja gari lilelile likasimama mbele yake, na aliyeliendesha ni Christella, binti wa jirani yake Joselyne. Silvère alikuwa amemuuzia, akahamia Uganda. Spès aliona tairi la nyuma la kushoto limekaa chini kidogo.

"Shuka nilitazame hilo, mwanangu."

"Aa, Mama Spès! Gari hii iko na akili. Upepo ikipungua, inaniambia yenyewe. Mambo ya kugonga na nyundo ilikwisha, mukecuru!"

Waosha magari wa pembeni wakaangua kicheko. Kumwita bibi kizee mbele ya wale!

Neno lilikuwa mdomoni mwa Spès. Fungua buti. Maneno mawili tu. Lakini kicheko kilimchoma.

"Kama gari lako lina mdomo," akasema, "basi likuzibie na pancha."

Akampa mgongo. Akajiambia atamweleza kesho, akija na adabu.

Kesho hakuja. Alhamisi mchana, Christella akimpeleka mama yake sokoni Kabuga, tairi lile lilipasuka, gari likaingia mtaroni. Joselyne alifia palepale. Christella alikatwa mguu juu ya goti.

Baada ya misa ya mwezi mmoja, watu walirudi nyumbani kwa marehemu. Mabaki ya gari yalikuwa uani, yamefunikwa turubai. Spès alikaa na chai yake, akamsikia Régis, kaka wa Christella, akifoka bila kujali wageni.

"Ulikuwa unakimbiza. Umemuua mama."

"Taa haikuwaka, Régis. Naapa, haikuwaka."

"Taa! Kwani taa ndiyo ilishika usukani?"

Christella aliinamia magongo yake. Chai ikampolea Spès mkononi. Angeweza kuimaliza akaaga, nani angejua? Siri ilikuwa yake na ya mtu aliye Uganda. Akainuka.

"Régis, leta ufunguo. Msaidie dada yako aje aone."

Wakatoka uani. Alimwambia Régis afungulie umeme tu, asiwashe injini. Taa ya manjano haikuwaka, na huku tairi limebaki matambara. Spès akafungua buti, akanyanyua zulia, akalitoa bomba. Lilikuwa limejaa, gumu kama mfupa. Mkono wake haukuwa umekosea hata kidogo. Akafungua valvu. Upepo ukalia, ukalia, ukaisha.

Taa ikawaka.

"Kazi yangu hiyo," akasema. "Siku ile ulipopita nilijua, Christella. Nilinyamaza kwa sababu ulinicheka."

Christella aliitazama taa, si Spès. Régis akasema kwa sauti ndogo, "Toka kwetu."

Spès akatoka, bomba likiwa kwapani, akapita mbele ya wageni wote. Hakuna aliyemuaga. Kazi ya kwanza kurudishwa katika miaka thelathini, na ameibeba mwenyewe.