Barua ya Kudai Kelele

Mke wangu alikuwa na wiki saba kaburini siku wapangaji wenzangu walipokuja mlangoni kunidai kelele.

Sikutanii. Kelele. Walikuja na barua kabisa.

Ngoja nianze vizuri, maana najua kuna mtu hapo ameshaanza kunicheka.

Mimi ni mpiga tarumbeta. Harusi, mahafali, misiba, ukiniita nakuja. Kila siku saa nne mpaka saa tano asubuhi nilifanya mazoezi chumbani kwangu, ghorofa ya pili, dirisha wazi, ili wasio na bahati ya kuniona basi angalau wanisikie. Miaka kumi na tisa. Hakuna jirani aliyewahi kugonga ukuta.

Nikajua wananipenda. Nilikuwa nashuka ngazi kifua mbele, nasubiri kuombwa picha.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba hichohicho, nyuma yangu, kwa cherehani ya kukanyaga. Mlio wa miguu yake ndio ulionishikia mwendo. Wenzangu kwenye bendi walinisifu kwamba sipotei kamwe. Nilikuwa naitikia asante. Sikuwahi kuwaambia ni miguu ya nani.

Akaugua mwezi mmoja, akaondoka.

Chini ya sindano aliacha koti langu la bendi. Mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikwa na pini. Sikuweza kuligusa. Siku moja nilijaribu kupiga, nikapotea katikati ya wimbo ninaoujua tangu ujana. Nikaisukuma tarumbeta uvunguni, nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Sioni aibu kuliandika hilo.

Ndipo akaja bosi wa hoteli. Alikuja kunipa pole, mkononi ameshika mkataba.

"Pole sana kwa msiba. Shati unavaa saizi gani?"

Alitaka niwapigie wageni wake wakila chakula cha mchana. Chumba ningepewa hukohuko, ng'ambo ya mji. Nikakubali papo hapo. Wala sikuwa naifuata hoteli. Nilikuwa naikimbia ile cherehani.

Tukapatana gari lije Jumamosi saa sita mchana.

Jumamosi hiyo saa nne, begi nimeshalifunga, mlango ukagongwa.

Mbele alisimama mwenyekiti wa wapangaji, mtu anayeweza kuitisha kikao kujadili ndoo. Nyuma yake kinyozi wa chini, mwalimu wa hesabu, bibi wa chumba namba tatu na mkongojo wake, na wengine wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wengi wao huniita shemeji, maana mke wangu alikuwa dada wa jengo zima.

"Shemeji," mwenyekiti akasema, "tumesikia unahama. Kabla hujaondoka, ipo barua rasmi."

Karatasi ilikuwa imegeuka njano kwa uzee. Iliandikwa hivi: sisi wapangaji tunataka mpiga tarumbeta wa chumba namba tisa. Hapo neno moja limekatwa, na juu yake, kwa peni mpya, wameandika "aanze tena". Kisha inaendelea: kelele zake mara moja. Sahihi kumi na moja.

Nikaisogeza dirishani. Neno lililokatwa lilikuwa "aache". Tarehe nayo ilikuwa imekatwa, na ilikuwa ya wiki yetu ya pili katika jengo lile, miaka kumi na tisa nyuma.

Niliishiwa pozi.

"Mwenyekiti, hii barua ni ya lini?"

"Karatasi bado nzima," akajibu. "Ya nini kuharibu nyingine?"

Kinyozi akaangalia dari. Mwalimu akaangalia viatu vyake. Bibi ndiye pekee aliyenitazama usoni.

"Mwanangu, ulidhani tunakupenda?"

"Ndiyo, bibi."

"Maskini. Tulishatia sahihi, bado kuipeleka tu kwa mwenye nyumba. Mkeo akapita mlango kwa mlango. Akasema, mvumilieni mume wangu, nguo zenu nitazishona bure."

Nikawatazama mmoja mmoja. Pindo la suruali ya mwenyekiti. Koti jeupe la kinyozi. Gauni la bibi. Mshono wake ule ule kila mahali. Miaka yote hiyo nilidhani nina mashabiki, kumbe nilikuwa na wateja wa mke wangu.

Niliumia, nisidanganye. Hasira zikanipanda.

"Sasa fundi hayupo. Mko huru. Kelele za nini?"

Kinyozi akaanza habari za wateja wake kupenda muziki. Mwalimu akasema eti hana saa, tarumbeta ndiyo humjulisha kwamba ni saa nne.

"Acheni uongo," bibi akawakata. "Mwanangu, sisi tulizoea kuwasikia wawili, sauti yako juu, ya cherehani chini yake. Yeye hatumpati tena. Na wewe uende?"

Nilipiga magoti, nikaitoa tarumbeta uvunguni. Nikapiga mistari miwili, nikapotea palepale.

"Siwezi," nikasema. "Mwendo ulikuwa wake."

Bibi akajikokota hadi kwenye cherehani. Ilibidi nilitoe lile koti kwa mikono yangu mwenyewe, ili apate nafasi. Akaketi, akaanza kukanyaga. Bibi huyu hajawahi kushona hata kifungo, na mguu mmoja ni mbovu. Mlio ukawa unakimbia, unasimama, unachechemea.

Nikaufuata hivyohivyo. Sijawahi kupiga vibaya namna ile. Mwenyekiti alilia wazi, halafu akamlaumu kinyozi kwa vumbi.

Saa sita gari likapiga honi. Nikachungulia dirishani, nikamwambia bosi nabaki.

"Unaacha hoteli kwa ajili ya hawa?"

"Wageni wako watanipigia makofi kijiko kikiwa mdomoni," nikamjibu. "Hawa hawajawahi kunipenda, na bado wamepanda ngazi."

Akapandisha kioo cha gari.

Sasa ni mwaka. Kila siku saa nne mtu anakuja kukanyaga, kwa ratiba ambayo mwenyekiti ameiandika nyuma ya barua ileile na kuibandika kwenye ngazi. Mwalimu anakimbia mno. Kinyozi anasinzia.

Koti nalivaa na pini zake, na zinanichoma. Kwenye bendi wakiniuliza, nawaambia fundi wangu hakumaliza.

Funzo ni hili, hasa kwa wewe unayejiona staa mtaani. Majirani wakikuvumilia, usivimbe kichwa. Uliza kwanza nani anawashonea suruali, na umshukuru angali anasikia.