Nilivyohangaika siku mbili na "cannot open shared object file" wakati mtu anasubiri radhi ya mama yake

Wakuu, poleni na majukumu. Hili sikuhadithiwa na mtu, limenipata mwenyewe hapa Korogwe, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu. Jumatatu moja akaja mzee kutoka Kwedizinga, huko Handeni, tumwite Mzee Salimu. Simu yake kaifunga kwenye leso.

Mama yake alifariki, arobaini ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Siku chache kabla hajafa bibi alisema maneno, mzee akamrekodi. Simu ikaisha chaji katikati, ikazima. Faili lipo, ila haliplay popote.

"Mwanangu, humo ndani mama anampa radhi mdogo wangu," akaniambia.

Huyo mdogo wake yuko Mombo, anauza chakula kwa abiria wa mabasi. Aligombana na mama, hakwenda kumuuguza. Kila akiambiwa radhi anayo, anajibu kwamba kaka anamfariji tu, na kwenye arobaini hakanyagi.

Kwa jinsi tunavyoichukulia radhi ya mzazi, nikaona hii kazi siwezi kuikataa.

Faili lililokatika hivyo linatengenezeka. Kuna program ya Linux, unaipa rekodi nyingine nzima ya simu hiyo hiyo ijifunzie, kisha inalipanga lile bovu. Shida ni kwamba unaicompile mwenyewe kutoka source, yaani unaijenga kutoka kwenye msimbo wake, pamoja na libraries zake (mafaili saidizi inayoyategemea) za toleo la zamani. Vyote nilidownload kwa bando la simu, roho inaniuma.

Nikaandika make, kisha make install. Hakuna error hata moja. Nikajipongeza kwa chai na chapati, nikairun:

error while loading shared libraries: libavformat.so.58: cannot open shared object file: No such file or directory

Sasa ujinga wenyewe.

Mafundi wengi wa huku tumekulia Windows. DLL, yaani library ya Windows, ikikosekana unachukua flash, unaenda kwa fundi mwenzako, unakopi ya kwake, unabandika, maisha yanaendelea. Nikafanya hivyo hivyo. Boda mpaka Kwamndolwa kwa jamaa yangu mwenye Linux. Za kwake zilikuwa toleo jipya, nikazirename zifanane na jina linalotakiwa, nikaziweka /usr/lib.

Ya kwanza ikapita, ikalalamikia ya pili. Ya pili ikapita, ikataka ya tatu. Mwisho ikaniambia version `LIBAVFORMAT_58' not found.

Yaani jina nimebadilisha, ndani ni mtu mwingine kabisa.

Siku mbili zikaondoka hivyo. Mzee anapiga simu asubuhi na jioni, hafoki, anauliza tu, "Bado, mwanangu?" Bora angenitukana.

Jumatano nikatulia, nikasoma ile error kama mtu mzima. Nikaandika ldd na njia ya program yangu, ikanionyesha library ipi inaonekana na ipi haionekani. Kisha nikazitafuta zilizokosekana kwa find.

Zipo! Zimekaa /usr/local/lib, nilikoziweka mwenyewe kwa make install. Mfumo una orodha yake ya libraries inayosomwa kila program inapowaka, na mimi sikuuambia kuwa kuna wageni.

Nikafuta mafaili yote ya kuazima. Halafu amri ya kuuambia mfumo uandike upya ile orodha:

sudo ldconfig

Basi. ldd tena, zote zinaonekana. Nikairun program, faili la mzee likatengenezeka.

Kama distro yako (aina ya Linux unayotumia) haina /usr/local/lib kwenye orodha, andika njia hiyo kwenye faili la .conf ndani ya /etc/ld.so.conf.d/ kwanza, ndipo u-run ldconfig. LD_LIBRARY_PATH nayo inasaidia, ila ni ya kujaribia tu, ukifunga terminal imeondoka.

Mzee akaja Alhamisi. Sauti ya bibi ikatoka kwenye spika, kwa Kizigua. Babu yangu alikuja huku kukata mkonge, Kizigua changu ni cha salamu tu, kwa hiyo nikawa namwangalia mzee. Aliinamisha kichwa mpaka ikaisha. Kisha akampigia mdogo wake, akasogeza simu kwenye spika, nikaplay tena.

Upande wa pili honi za mabasi zinalia, kisha tukamsikia mdogo wake:

"Kaka, mwambie fundi arudishe pale mama aliponitaja."

Nilirudisha mara nne.

Jumapili mzee alinipigia kushukuru. Mdogo wake alifika tangu Ijumaa, na ndiye aliyepalilia kaburi.

Funzo langu: kabla hujaazima library ya mtu, tafuta kwanza ya kwako iko wapi. Walioniwahi kwa ujinga huu wajitokeze, na wajuzi mnirekebishe nilipokosea. Msiponisema nitajisema mwenyewe, maana kwa siku mbili mtu alilala Mombo akiamini mama yake alikufa na kinyongo naye, na kilichomchelewesha ni mimi kutosoma mstari mmoja.