Foleni ya Mitungi

Somo langu ni la hiari, na hilo peke yake ni maradhi. Ukimwambia mwanafunzi kwamba somo ni la hiari, yeye anaelewa kwamba ni la kupumzikia. Wananijia wa kompyuta, wa kilimo, wa biashara, na mmoja wa madini aliyesema mbele ya darasa zima, bila haya, kwamba alinichagua kwa sababu kipindi changu hakigongani na chakula cha mchana. Nami pale ubaoni nimeandika kwa herufi kubwa: Teknolojia na Usanifu wa Mji. Mji wenyewe ni Voi, uko hapo nje ya dirisha, na vumbi lake jekundu tunalipangusa mezani kila asubuhi. Lakini waambie wabuni kitu cha mji uone. Watakuletea picha za Dubai.

Muhula huu nilipiga marufuku vitu viwili: picha za miji ya watu, na app. Walinung'unika utadhani nimewafungia jiko. Kikundi kimoja hata hivyo kilikuja na wazo lililonifurahisha. Maji ya bomba hapa kwetu huja yanapotaka yenyewe, na siku yakija, watu hugombana kwenye kioski cha maji cha mtaa wa Kaloleni mpaka majirani wananyimana salamu. Wanafunzi wangu wangetundika juu ya bomba kifaa kidogo cha kuhesabu watu, na skrini ya kuonyesha foleni ina watu wangapi. Aliye mbali angeuliza kwa ujumbe wa simu kabla ya kutoka nyumbani.

"Mmekijaribu?" niliuliza.

"Tumetest, Madam. Inawork fiti," alijibu msemaji wao, kijana wa kompyuta mwenye maneno mengi.

Wakanionyesha video. Walikuwa wamekijaribu kwenye kantini ya chuo, saa ya chakula, na kweli kilihesabu kila kichwa kilichosimama kungoja chapati.

"Hii ni kantini. Nendeni kioskini."

"Lakini Madam, foleni ni foleni."

Niliwatuma, wakaenda siku ambayo maji hayakuwapo, wakanirudia na picha ya bomba kavu. Nikawatuma tena. Wakasema wameenda. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe ana simu mkononi.

Wakati huohuo mkuu wa idara aliniita ofisini, na hakunificha. Somo lina watu wachache, alisema, na mwakani litaondolewa ili nafasi yake ipewe kitu chenye soko. Labda tu wageni waliokuwa wakija kukagua masomo yetu walipende.

"Waonyeshe kitu kinachofanya kazi," aliniambia. "Kimoja tu."

Somo lile nililianzisha mimi. Nimelipigania kwenye mikutano ambako wenzangu walikuwa wakisinzia. Nilijikaza kisabuni, nikasema sawa, nikawaambia wanafunzi wakakifunge kifaa chao kioskini.

Siku ilipofika jua lilikuwa kali na maji yalikuwapo. Tulishuka kwenye gari la chuo: mimi, mkuu wa idara na wageni wenye viatu safi. Skrini ilikuwa inawaka vizuri juu ya bomba. Iliandika: WATU KWENYE FOLENI: 0.

Chini yake palikuwa na mitungi ya plastiki, imepangwa kutoka bombani hadi kwenye kona ya duka. Ya manjano, ya bluu, mmoja umezibwa kwa kitambaa, mwingine umewekewa jiwe juu usipeperushwe na upepo. Mtu hakuwapo, ila mwenye kioski. Wenye mitungi walikuwa majumbani, wanafua, wanapika, wanachungulia mlangoni mara moja moja. Hivyo ndivyo tunavyopanga foleni huku. Mtungi unakusimamia.

Nilimvuta msemaji kando.

"Wewe unakaa wapi?"

"Hapa tu Kaloleni, Madam."

"Na maji unateka vipi?"

"Si naacha mtungi kwa laini nikienda class."

"Leo umeuacha?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Ule wa bluu."

"Sasa hiyo si foleni?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hiyo ni mambo ya nyumbani, Madam. Hatukudhani inaingia kwa project."

Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Kabla sijaamua, mgeni mkubwa alipiga makofi.

"Sifuri! Mmeimaliza foleni kabisa!"

Mkuu wa idara naye akapiga makofi, huku akinikazia macho ya kunyamaza. Somo langu lilikuwa limepona pale pale. Lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza.

"Foleni ni hiyo mitungi," nikasema. "Mashine haiioni."

Mgeni alicheka, akidhani natania. "Mitungi si watu, mwalimu." Kisha akaomba tupigwe picha, na kwa kuwa mitungi ilikuwa inaharibu picha, akainama akausogeza mmoja kando kwa mkono wake. Mkuu wa idara akasogeza mwingine. Dereva akaisukuma mingine yote kwa mguu.

"Nani ameshika mtungi wangu?"

Sauti ilitoka kwenye mlango mmoja, halafu kila mlango. Wanawake walimiminika na sabuni mikononi, mmoja na mwiko. Skrini ilianza kuhesabu kama imepagawa. Msemaji wangu, aliyekuwa ameanza kuwaeleza wageni kifaa kinavyofanya kazi, alitupa karatasi akakimbilia mtungi wake wa bluu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Wageni wale walirudi garini mbio.

"Umeniaibisha," mkuu wa idara aliniambia mlangoni mwa gari. "Hilo somo limekwisha. Lisahau. Panda twende."

Nyuma yake wanafunzi wangu walikuwa wamechuchumaa vumbini, wanajaribu kurudisha mitungi mahali pake.

"Mama, wewe ulikuwa nyuma ya nani?"

"Nyuma ya huo wa kitambaa. Lakini huyu ana mgonjwa, anapitishwa mbele."

"Anapitishwa na nani?"

"Na sisi sote. Kwani hujui?"

"Na mwenye mtoto mchanga je?" aliuliza msemaji. Hakuna aliyemtuma kuuliza.

Hasira ilinipanda hadi machozi. Muhula mzima nimewasihi, nao wanaanza leo, siku somo linapozikwa.

"Mwalimu, huji?" mkuu wa idara aliita kutoka garini.

"Tangulieni," nikasema. "Nina kipindi."