Izime Ngoma, Uache Picha

Mama muuza maziwa wa stendi ya Garsen alinijia asubuhi moja baada ya matanga ya binti yake. Aliuweka mtungi chini, akakataa kuketi.

"Ile video ya wimbo," akasema, "iko bado kwa simu ya watu?"

Nikamwambia ipo.

"Toa. Wameniambia mtu akicheza ile, dhambi inamfuata mtoto wangu kule amelala."

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo, tungegombana yakaisha.

Mimi ndiye niliyeirekodi ile video. Ndiyo kazi yangu: narekodi harusi, mikutano ya wanasiasa, na vijana wa hapa wanaodhani sauti zao zitawatoa Garsen. Kazi hii niliipenda tangu utotoni, tulipokuwa tukijazana kwenye kibanda cha video, jenereta ikipiga kelele kuliko wimbo wenyewe. Wakati huo video haikuwa na mambo mengi. Kwaya ilisimama mbele ya maua, sare moja, mikono kushoto, mikono kulia, na kamera haikusogea hata kidogo. Kisha zikaja zile za magari ya kuazima na wasichana walionuna kando ya bwawa la kuogelea. Sisi watoto wa mafuriko tulishangaa kwamba kuna watu wanaogelea kwenye maji yasiyo na mamba. Diski zikaisha, flashi zikaja, na sasa wimbo unazaliwa simuni na kufia simuni kabla wiki haijaisha. Kitu kimoja tu hakijabadilika tangu enzi za bwawa: sote tunaamini video bila msichana haitazamwi.

Ndivyo nilivyomwambia binti yule. Alikuwa akipita na mtungi wa mama yake, nasi tuko ukingoni mwa mto na msanii wetu aliyevaa koti la manyoya kwenye jua la Tana. Nikamwomba atembee tu, ageuke, acheke. Mama yake alikuja kuiona baadaye, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Hakuna aliyekosea siku ile. Hilo najiambia kila siku, wala halinisaidii. Miezi michache baadaye mvua ilikata barabara ya Malindi, homa ikampata binti, na gari la kumpeleka hospitali likakosa pa kupita.

Basi nikaifuta. Nilianza na chaneli yangu, nikaja kwenye kompyuta, nikamalizia na vipande vyote vya siku ile, hata vile ambavyo havikutumika. Nilitaka nikiulizwa niseme nimefuta yote, bila kumung'unya maneno. Kisha nikaanza kuzunguka mtaani kuwaomba watu waifute kwenye simu zao.

Hapo ndipo nilipoujua ujinga wangu. Kila niliyemwomba alikubali kwa moyo safi, akaitafuta, na kabla ya kuifuta akasema, "Ngoja niione mara ya mwisho, maskini." Akaicheza yote, na ngoma yake, sauti juu. Jirani wakasogea. Ambaye hakuwahi kuiona akauliza ni ipi hiyo inayofutwa, naye akaonyeshwa. Siku zile video yetu ilichezwa Garsen kuliko ilivyowahi kuchezwa tangu itoke, na mimi ndiye niliyekuwa nikiipeleka nyumba hadi nyumba. Kama aliyoambiwa mama ni kweli, basi nani alimwongezea marehemu mzigo? Nilikuwa nikimwona mama pale stendi na mitungi yake, napitia njia ya nyuma.

Mtu mmoja tu alikataa, muuza nyimbo anayejaza flashi za mabasi. "Zimeshaenda Lamu hizo, bro, nitazifuata wapi? Na yangu sigusi." Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba hana utu.

Mvua zilipokatika mama akaja tena. Safari hii aliketi mwenyewe, akawa anaangalia sakafu.

"Ile video," akasema. "Unaweza kuzima ngoma, uache picha? Ngoma ndiyo mbaya, nafikiri. Nataka kumwona akitembea. Kwa kitambulisho amekaza uso, si yeye."

Nilishindwa kumwambia kwamba sina. Nikamwomba aningoje kidogo, nikaenda mbio kwa yule niliyemwambia hana utu. Alinisikiliza, akachomeka flashi, akaniwekea video kwenye simu. Angenitukana ningepata nafuu.

Nilizima sauti, nikamkabidhi mama simu. Bila ngoma, video iligeuka kitu kingine kabisa. Msanii na koti lake alifumbua mdomo bure. Binti akatokea, akatembea, akageuka, akacheka. "Rudisha," mama akasema. Nikarudisha. Akasema tena nirudishe. Kisha akaleta uso karibu na kioo.

"Hapa anaongea. Amesema 'mama'. Anasema nini?"

Nilijua anasema nini. Kipande hicho nilikichagua mwenyewe kwa sababu midomo yake iliangukia sawasawa na ngoma, ukadhani anaimba.

"Alikuwa akituharakisha," nikamwambia. "Alisema, 'Malizeni basi, mama ananingoja.' Mimi nikamwambia arudie, mara ya mwisho."

Kidole cha mama kilikuwa bado pale pale kwenye kioo, juu ya uso wa binti yake.

"Sauti ya hapo uko nayo? Yake, si ya wimbo."

Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye vile vipande ambavyo havikutumika, safi, na upepo wa mto nyuma yake.

"Niliifuta, Mama."

Akanirudishia simu. Akavuta mtandio, akainama, akauinua mtungi wake.

"Sawa," akasema. "Ulifanya vile nilikuambia."