Vidole Vinne Chini ya Bega

Siku ya kwanza alipofika kibandani kwa Nélida Ticlla, kwenye soko la nguo la Gamarra, Zósimo Huamaní alipapasa kitambaa kabla hajasalimia. Nélida akamjua hapo hapo: mchuuzi wa Huancayo, huko milimani, mgumu kama kisigino. Miguu ya Nélida mwenyewe ilikuwa inawaka moto tangu asubuhi. Miaka ishirini na miwili ya kusimama kwenye sakafu ya saruji si mchezo.

"Nipe dazeni sita za XXL," Zósimo alisema. "Vijana wa kwetu wanataka fulana za kupwaya."

"XXL ni ya mtu mnene, kaka. Mvalishe mwembamba uone: shingo imeanguka, pindo liko magotini. Utadhani mgonjwa katoroka wodini."

"Sema tu unataka kuniuzia za bei kubwa."

"Nataka urudi."

Na kweli alitaka. XXL zilimjazia kona nzima, angeweza kumbebesha Zósimo zote. Lakini wanunuzi wa mikoani walikuwa wamepungua, na kibanda hakiendi bila mtu wa kuja kila mwezi. Akavaa fulana iliyokatwa pana makusudi juu ya sweta lake: shingo imekaa, urefu umeishia nyongani, kilichoongezwa ni upana tu.

"Mshono wa bega ushuke vidole vinne chini ya mfupa. Vitatu, fulana ya kawaida. Vitano, gunia."

Zósimo alinunua dazeni mbili za hizo pana, akaondoka akivitazama vidole vyake. Miezi miwili hakuonekana. Nélida hakuhitaji kuambiwa: amepata fundi wa kuziiga huko kwao.

Mwezi wa tatu akaja na furushi.

"Vidole vinne, dada. Nimepima mwenyewe. Hakuna anayenunua."

Nélida alitandaza moja. Mkono wa fulana ulipita kiwiko. Akaushika mkono wa Zósimo, ambaye ujana wake wote alipakia magunia ya viazi.

"Hivi ni vidole au ndizi?"

Jirani muuza emoliente, kinywaji moto cha mitishamba, alicheka mpaka akamwaga kikombe.

Nélida alilichukua furushi kwa bei ya kitambaa kitupu, kwa sharti kwamba fundi asahauliwe na Zósimo anunue kwake kila mwezi. Zósimo akakubali, angefanyaje?

Alizitundika nje ili tu zimwondokee. Kufika Jumamosi, vijana wanaocheza ngoma za barabarani walikuwa wamezimaliza, wanauliza nyingine, mkono upite kiwiko vilevile. Zile za Nélida mwenyewe, za vidole vyake vinne, hawakuzigusa.

Mwisho wa mwezi Zósimo akaja kama walivyokubaliana. Nélida alimsogezea kipande cha boksi na kalamu.

"Weka mkono hapo, nikuchore. Mkataji wangu anahitaji kipimo."

Zósimo akaurudisha mkono mfukoni.

"Bei ipungue soli mbili kwa kila dazeni. Daima."

"Moja."

"Mkono ni wangu, dada."

Nélida alijishusha kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja. Hakuwa na nguvu ya kubishana zaidi.

"Mbili," alisema. "Haya, utoe huo mkono."