Keki Mbili za Wirrabilla

Enid Trewartha alizaliwa kukamua ng'ombe wa baba yake, na angezeeka akikamua kama si kichaa cha ndege kumpanda kichwani. Alipoanza kujifunza kurusha, baba alinung'unika kwamba mtoto wa kike akishaenda angani hujui atamwangukia nani. Kisha shule moja ya urubani ikampa ahadi: vunja rekodi ya wanawake ya kuvuka Australia kwa ndege kutoka Perth hadi Sydney, tukuajiri uwe mwalimu. Ukishindwa, ng'ombe wapo.

Akaondoka na ndege ya kuazima, mbao na kitambaa tu. Alipotua katika mji mdogo wa Wirrabilla kujaza petroli alikuwa bado mbele ya rekodi, ila kwa kamuda kadogo tu. Bahati mbaya, Wirrabilla mgeni haondoki hajalishwa. Akina mama walikuwa wamepanga foleni uwanjani na kofia zao za kanisani, meza imetandikwa kitambaa cheupe katikati ya mavi ya kondoo, na juu yake keki mbili za krimu.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Muriel Pascoe. "Leo utatuamulia ipi bora."

"Mama, nashukuru, lakini nina haraka."

"Haraka haraka haina baraka. Onja."

Enid akamgeukia mzee Pascoe, mwenye petroli. Mzee akainamia viatu vyake. "Petroli ipo," akanong'ona, "ila ufunguo wa ghala anao mke wangu. Na keki yake ni hiyo ya kushoto."

Ya kulia ilikuwa ya Bi Hazel Gluth, mwenye uwanja. Kondoo wake walikwisharudi kula majani pale pale ndege ilipotakiwa kukimbilia, na mbwa wa kuwafukuza alikuwa amelala miguuni pake.

"Mimi sisemi kitu," alisema Bi Hazel. "Ila mbwa huyu anasikia sauti yangu tu, na mimi nikiudhika sauti hunikauka."

Wanawake hawa walikuwa hawajasemezana tangu maonyesho ya kilimo ya zamani, mmoja alipopewa zawadi kwa keki yake na mwenzake akadai krimu ile ilinunuliwa dukani. Wakitakana neno, walitumana waume. Mji mzima ulikuwa umekula keki zao miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyethubutu kutamka ipi tamu. Waoga wakubwa! Kila mgeni aliyepita ndiye aliyetwishwa zigo hilo.

Enid akaonja kushoto, akaonja kulia. Zote zilikuwa tamu kupita kiasi. Akaomba zitoke sare.

"Sare ni ya mpira," alisema Bi Muriel.

Jua likazidi kupanda. Enid akawaona akilini ng'ombe wa baba yake wakimngoja, hasira zikamchemka, akaweka uma chini.

"Haya, ukweli ni huu. Zote mbili kavu kama machujo. Nyumbani kwetu mama huwapa nguruwe keki nzuri kuliko hizi!"

Uongo mtupu. Mama yake hakuwahi kuoka keki isiyoungua.

Kisha Bi Muriel akageuka kulia, upande ambao shingo yake ilikwishasahau.

"Hazel, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia, Muriel! Krimu yako ile, iwe kavu?"

"Na mayai yako yale! Mtoto hana adabu."

"Hakufunzwa na mamaye. Mpe petroli yake atuondokee!"

Ufunguo ukatoka, mbwa akabweka, kondoo wakatawanyika. Enid hakupewa hata maji ya kunywa. Kutoka juu aliwaona wale wawili wamekaa pamoja, kila mmoja akimlisha mwenzake keki.

Rekodi aliivunja, na kazi akapata, ijapokuwa kabla ya Krismasi mwanamke mwingine alikwisha kuivunja tena. Lakini ule uongo ulimkera moyoni. Miaka kadhaa baadaye akarudi Wirrabilla kuomba radhi. Bi Hazel akampokea uwanjani, wakiwa wawili tu.

"Mama, nilidanganya. Keki zenu zilikuwa tamu sana."

Bi Hazel akamziba mdomo kwa kiganja, akageuka nyuma kuangalia kama Muriel anakuja.

"Nyamaza, mwanangu! Ukisema zilikuwa tamu, atauliza ipi zaidi."